Mguu unauma, unaacha, kisha unarudi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu ambaye mguu wake, kuanzia kifundo kwenda chini, umekuwa ukimsumbua kwa vipindi, ameshapima hiki na kile, na bado hajaambiwa anaumwa nini. Hayachukui nafasi ya daktari. Kazi yake ni kukufikisha kwa daktari ukiwa na kitu cha kumwambia.

Kwa nini mguu unauma leo, kesho unanyamaza, wiki ijayo unaanza upya?

Kwa sababu magonjwa mengi ya mguu ndivyo yalivyo. Sehemu hii ndogo ina mifupa 26 na viungo 33, pamoja na kano, ligamenti, misuli, neva na mishipa ya damu, na vyote vinabeba mwili mzima kila unaposimama. Kano iliyochokozwa huuma ikibebeshwa mzigo. Ukiipumzisha inatulia, unadhani umepona, unarudia shughuli zako zote kwa siku moja, nayo inaamka tena. Jongo (gauti), ugonjwa wa viungo unaoletwa na fuwele za asidi ya yuriki, lina tabia nyingine: linavamia kwa kishindo, linaisha lenyewe ndani ya wiki moja au mbili, halafu linaweza kupotea kwa miezi. Neva iliyobanwa inauma kwa kiatu hiki na si kile, au kwa mkao huu na si ule.

Kwa hiyo kule kuja na kuondoka kwenyewe ni dalili, na mara nyingi ni dalili yenye maana kuliko karatasi za maabara. Wengi huieleza kwa kuona haya, kana kwamba maumivu yasiyokaa si maumivu kamili. Ieleze bila kuona haya.

Kila nikienda hospitali, siku hiyo mguu umetulia. Daktari nitamwonyesha nini?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa, nami nitakaa nalo kidogo.

Mpelekee kumbukumbu. Kwa wiki mbili au tatu andika kila maumivu yanapokuja: saa, mahali, ulikuwa unafanya nini, ulivaa nini, na nini kiliyapunguza. Mistari michache inatosha. Kwa mfano:

"Jumanne, saa nane usiku. Nimeamshwa na moto kwenye vidole vya mguu wa kulia, kuanzia cha kati hadi cha mwisho. Nimekaa ukingoni mwa kitanda miguu ikining'inia, wapi. Nimekanyaga sakafu ya baridi, umepungua. Mchana nilivaa viatu vyembamba vya kazini, nilisimama karibu siku nzima."

Tazama daktari anachosoma hapo. Upande ni mmoja, kwa hiyo ugonjwa unaoshika miguu yote miwili sawasawa unarudi nyuma. Kuning'iniza mguu hakukusaidia, na mtu ambaye damu haifiki vizuri mguuni kwa kawaida hupata nafuu akiuning'iniza. Vidole ni vya upande mmoja wa unyayo, viatu ni vyembamba: neva inayopita kati ya vidole inaanza kushukiwa. Linganisha na sentensi ambayo wengi huingia nayo chumbani, "mguu unaniuma sana usiku". Zote mbili ni za kweli, lakini hii ya pili haimpi daktari pa kushika.

Jambo la pili ni kidole chako gumba cha mkono. Maumivu yakiwa yamepamba moto, bonyeza taratibu kuanzia kisigino hadi vidoleni, hatua ndogondogo, mpaka ufike mahali utakaporuka. Weka alama hapo kwa kalamu, kisha piga picha. Kama mahali hapo panafunikwa na ncha ya kidole kimoja, hiyo ni habari tofauti kabisa na maumivu yanayohitaji kiganja kizima kuyaonyesha. La kwanza linaelekeza kwenye mfupa, kiungo au kano fulani. La pili mara nyingi linaelekeza kwenye neva, mzunguko wa damu au kitu kilicho juu zaidi ya mguu.

Piga picha pia mguu ukivimba au ukibadilika rangi, ila weka miguu yote miwili ndani ya picha moja. Mguu usioumwa ndio unaoonyesha ule unaoumwa umevimba kiasi gani.

Mwisho, beba viatu: vile vinavyokuumiza na vile unavyovaa zaidi. Soli iliyoliwa upande wa ndani au wa nje inasema unavyokanyaga. Na taja dawa zote unazotumia, za dukani na za mitishamba pia.

Mahali panapouma panasema nini?

Panasema mengi, ingawa hapasemi yote.

Chini ya kisigino, hasa upande wa ndani, kukiwa na uchungu mkali kwenye hatua za kwanza baada ya kuamka au baada ya kukaa muda mrefu, kisha unapungua ukitembea: mara nyingi ni ukanda mgumu wa chini ya unyayo, ambao madaktari huuita fasia ya unyayo. Ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote ya maumivu ya kisigino kwa watu wazima. Habari njema ni kwamba wengi hupona bila upasuaji. Habari ya kuchosha ni kwamba huchukua miezi, wakati mwingine hadi mwaka.

Nyuma ya kisigino, juu kidogo: kano ya Achilles. Nyuma ya kifundo upande wa ndani, na unahisi tao la unyayo linazidi kulala: kano inayoshikilia tao hilo huenda imechoka. Jaribu kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika ukuta, kisha inua kisigino. Ukishindwa kukiinua kwa mguu huo na kwa mwingine unaweza, mwambie daktari. Jaribio hili ni la bure na daktari mwenyewe angekufanyisha.

Sehemu ya mbele ya unyayo, kati ya kidole cha tatu na cha nne, ukahisi kama kuna kokoto ndani ya soksi na ukivua hukuti kitu: huenda ni neuroma ya Morton, yaani neva iliyonenepa kwa kubanwa. Kuvua kiatu na kusugua mguu kwa kawaida huleta nafuu ya haraka, na hilo lenyewe ni dokezo.

Juu ya mguu, kwenye mfupa mmoja, maumivu yanayozidi kadiri unavyotembea na yaliyoanza baada ya kuongeza mbio, safari za miguu au kazi ya kusimama: fikiria ufa wa uchovu wa mfupa. Huu huhitaji kupumzishwa kweli, si kuvumiliwa.

Kiungo cha dole gumba kikivimba ghafla, mara nyingi usiku, chekundu, cha moto, hata shuka ikigusa unalia: jongo ndilo la kwanza kufikiriwa. Kiungo hichohicho kikikakamaa polepole kwa miaka bila uvamizi wa namna hiyo, huenda ni kusagika kwa kiungo, na matibabu yake ni mengine.

Eksirei imetoka safi. Basi sina kitu?

La. Eksirei safi inamaanisha mifupa haikuonyesha kasoro siku hiyo. Haionyeshi neva, na kano na ligamenti inazionyesha kidogo sana au haizionyeshi kabisa. Hata kwa mfupa ina mipaka: ufa wa uchovu unaweza usionekane kwa wiki 2 hadi 3 za mwanzo, wakati MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ingeuona mapema. Watu wanarudishwa nyumbani na picha safi, wanaendelea kukimbia, na ufa unakuwa mvunjiko.

Damu nayo ina mitego yake. Katikati ya uvamizi wa jongo, kiwango cha asidi ya yuriki kinaweza kusomeka cha kawaida; ndiyo maana hupimwa tena wiki 2 au zaidi baada ya uvamizi kuisha. Kipimo kinachothibitisha ni kuvuta maji kidogo ya kiungo kwa sindano na kuyatazama kwa darubini kama yana fuwele. Kipimo cha umeme wa neva hupima nyuzi nene za neva, ilhali maumivu na joto vinabebwa na nyuzi nyembamba. Mtu anaweza kuwa na ugonjwa wa nyuzi nyembamba na kipimo hicho kikatoka safi kabisa. Kipande kidogo cha ngozi kikikatwa na kupimwa ndicho kinachoweza kuonyesha.

Kinyume chake pia kipo. Eksirei inaweza kuonyesha mwiba wa mfupa chini ya kisigino, kila mtu akafurahi kwamba mwizi kapatikana. Lakini watu wengi wana mwiba huo na hawaumwi popote. Kinachoonekana pichani lazima kilingane na mahali unaporuka ukibonyezwa.

Swali zuri la kumuuliza daktari baada ya kila kipimo: "Hiki kimeondoa magonjwa gani, na yapi bado yamebaki?" Akikujibu, andika jibu.

Nyayo zote mbili zinawaka moto usiku, mchana naendelea na shughuli. Ni nini?

Moto, ganzi au sindanosindano zinazoanzia vidoleni miguu yote miwili na kupanda polepole ni sura ya kawaida ya neva zilizoathirika. Mchana akili ina shughuli. Usiku hakuna cha kuifunika sauti ya neva, ndipo inaposikika.

Kisukari ndicho cha kwanza kupimwa, hata kama hujawahi kuambiwa unacho. Sukari ya damu kabla ya kula ikiwa mmol/L 7.0 au zaidi, au HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita, ikiwa asilimia 6.5 au zaidi, ni kiwango cha kisukari. Kwa kawaida kipimo hurudiwa kuthibitisha. Baada yake kuna upungufu wa vitamini B12, pombe nyingi ya miaka, matatizo ya tezi ya shingo, figo, VVU, na ukoma katika maeneo ambako bado upo. Dawa pia zinahusika: isoniazidi ya kifua kikuu huweza kuharibu neva, ndiyo sababu wengi hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Metformin, dawa ya kisukari, ikitumiwa kwa miaka inaweza kushusha B12, kwa hiyo mtu wa kisukari mwenye ganzi anastahili kupimwa B12 pia badala ya kuambiwa tu kwamba ni sukari. Usiache dawa yoyote kwa sababu ya sentensi hii, uliza.

Daktari akikuchunguza vizuri atakugusa unyayo kwa uzi wa nailoni wa gramu 10 huku umefumba macho, na kuweka uma wa sauti kwenye dole gumba kuona kama unahisi mtetemo. Ni vipimo vya dakika chache. Kama una ganzi na hakuna aliyewahi kukuvua soksi, una haki ya kuomba.

Moto ukiwa mguu mmoja tu, hadithi hubadilika: neva inaweza kuwa imebanwa nyuma ya kifundo upande wa ndani, au mgongoni.

Na usiukande kwa maji ya moto mguu wenye ganzi. Utaungua bila kujua.

Inawezekana tatizo haliko mguuni kabisa?

Inawezekana sana. Neva zinazofika unyayoni zinaanzia sehemu ya chini ya mgongo. Mojawapo, iitwayo L5, ikibanwa huumiza juu ya mguu hadi dole gumba, na ile ya chini yake, S1, huumiza ukingo wa nje na chini ya unyayo, wakati mwingine mgongo wenyewe hauumi hata kidogo. Maumivu yanayochomoza ukikohoa, ukipiga chafya au ukikaa muda mrefu yanaelekeza huko.

Mishipa ya damu ni chanzo kingine. Mtu anatembea, shavu la mguu linakaza, anasimama dakika chache, linaachia. Hali ikizidi, mguu unauma hata kitandani na kupata nafuu ukiteremshwa. Hapa hupimwa shinikizo la damu kifundoni na kulinganishwa na la mkononi. Uwiano chini ya 0.9 unaonyesha mishipa imezibaziba. Wavutaji sigara na wenye kisukari wasikipuuze kipimo hiki.

Kisha kuna baridi yabisi na jamaa zake. Ukiamka na ukakamavu wa zaidi ya nusu saa, miguu yote miwili, na ukibanwa safu ya mashina ya vidole kwa mkono unaumia, sema hivyo. Kama una ugonjwa wa ngozi wa psoriasi, au mgongo unaokakamaa asubuhi na kulainika ukijinyoosha, taja pia, hata kama umekuja kwa ajili ya kisigino. Daktari wa mguu huenda asikuulize kuhusu ngozi ya kiwiko, mwambie asipouliza.

Nimeambiwa ni uzito. Mwingine akaniambia ni mawazo. Nifanyeje?

Uzito huongeza mzigo, hilo halibishaniwi, na kuupunguza husaidia visigino vingi. Lakini uzito haujibu kwa nini unauma mguu wa kushoto na wa kulia uko salama. Si jina la ugonjwa. Unaweza kulipokea shauri la uzito na bado ukauliza nini hasa kinachoumia.

Kuhusu mawazo: usingizi mbovu na msongo huongeza maumivu ya aina yoyote. Pia maumivu yaliyodumu miezi huweza kuufanya mfumo wa neva uwe mwepesi mno, ukaendelea kupiga kengele hata jeraha likiwa limepona. Hayo ni maumivu ya kweli yenye matibabu yake. Tatizo ni neno "mawazo" linapotumika kufunga mlango.

Kuna hali moja ambayo huachwa mno kwenye kapu hilo. Baada ya kuteguka, kuvunjika au upasuaji, mguu unauma kupita kiasi cha jeraha, rangi inabadilika, unakuwa wa moto au wa baridi kuliko mwenzake, unatoa jasho ovyo, na mguso wa shuka hauvumiliki. Huo ni ugonjwa unaotambulika, na ukianza fiziotherapia na dawa mapema ni bora. Ukiona dalili hizo, zitaje moja moja.

Nianze kwa nani?

Daktari wa kawaida, kwa sababu sukari, damu na uchunguzi wa mwili mzima viko mikononi mwake. Kutoka hapo: mifupa na kano kwa daktari wa mifupa au mtaalamu wa fiziotherapia, moto na ganzi kwa daktari wa neva, viungo vingi vinavyovimba kwa daktari wa baridi yabisi.

Wakati nasubiri jibu nifanye nini?

Punguza mzigo, usiuondoe wote, isipokuwa umeshukiwa ufa wa mfupa. Mguu uliolazwa kabisa kwa wiki nyingi hukakamaa na misuli kudhoofu. Vaa kiatu ambacho hakipindi katikati ukikikunja kwa mikono, chenye nafasi ya vidole. Ndala laini na kutembea peku sakafuni ni adui wa kisigino kinachouma asubuhi. Kunyoosha shavu la mguu ukiegemea ukuta, na kuvuta vidole kuelekea juu kabla ya kushuka kitandani, husaidia visigino vingi.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukipe wiki mbili. Anayebadili viatu, soli ya ndani, dawa na mazoezi siku moja hatajua kilichomsaidia, na daktari pia hatajua.

Dawa kama ibuprofen na diclofenac si za kumeza kila siku kwa miezi. Huchubua tumbo, hulemea figo na kupandisha shinikizo la damu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, mjamzito, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asizianze bila kuuliza.

Sindano ya steroidi huondoa maumivu kwa wiki kadhaa, mara nyingine miezi. Kisiginoni inaweza kupunguza mafuta ya kinga au, kwa nadra, kuchana fasia, na ndani ya kano ya Achilles haipaswi kuchomwa. Kabla ya kukubali, uliza inatibu ugonjwa gani. Kama jibu ni "tuone tu", mimi ningesubiri.

Dalili zipi hazingoji miadi?

Mguu uliogeuka baridi, mweupe au wa buluu ghafla. Kushindwa kukanyaga hatua nne baada ya kuumia. Homa pamoja na kiungo kilichovimba, au wekundu unaopanda. Shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma, na zaidi ukikosa pumzi. Ganzi kuzunguka sehemu za siri, au mkojo kugoma, pamoja na maumivu ya mgongo na mguu. Maumivu ya usiku yasiyopungua kwa mkao wowote huku unapungua uzito. Nenda siku hiyohiyo.

Kwa mwenye kisukari ongeza mawili: kidonda chochote hata kisichouma, na mguu uliovimba na kuwa wa moto bila jeraha. Huo wa pili unaweza kuwa mguu wa Charcot, ambapo mifupa inavunjika huku mtu akiendelea kuikanyaga kwa sababu haumwi vya kutosha.

Mtoto wangu analalamika kisigino, hasa baada ya michezo.

Kati ya miaka 8 na 14 hivi, sababu ya kawaida ni kuchokozwa kwa sehemu ya kisigino ambako mfupa unaendelea kukua. Huisha yenyewe ukuaji ukikamilika. Apunguziwe kuruka na kukimbia na avae viatu vyenye kisigino laini. Mtoto anayechechemea asubuhi, mwenye homa, au anayeamshwa na maumivu usiku apelekwe hospitali.

Nimeona madaktari kadhaa, hakuna jibu. Niendelee au niache?

Endelea, ila badilisha njia. Daktari wa nne wa mifupa ataangalia mifupa kama watatu waliomtangulia. Mtazamo mpya uko kwa daktari wa neva au wa baridi yabisi. Kusanya picha na majibu yote kwenye faili moja, pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo yako, ili usianzishwe eksirei upya kila mlango.

Huhitaji jina la ugonjwa ili uanze kutibiwa. Maumivu ya moto na umeme hujibu dawa kama amitriptyline, duloxetine au gabapentin kuliko dawa za kawaida za maumivu, na daktari anaweza kuzianza kwa sura ya maumivu peke yake. Ukipata nafuu, hiyo nayo ni habari ya kuandika.

Na omba jambo moja ambalo wagonjwa wachache huliomba: uruhusiwe kufika siku mguu umewaka, bila kungoja miadi, na ruhusa hiyo iandikwe kwenye faili. Kiungo kilichovimba leo kinaweza kuvutwa maji leo, na altrasaundi ya leo inaweza kuonyesha uvimbe ambao wiki ijayo haupo.